Mgongo kwa Mgongo

"Ewe pikipiki," alisema mama mkwe, "mwambie huyo mwizi anayekuendesha asimame. Kiuno changu kimekufa."

Sadoki alitazama mbele bila kugeuza hata shingo. "Pikipiki," naye akasema, "mwambie mama avumilie kidogo. Tunduma haiko mbali, na pori hili lina simba."

Ndivyo walivyokuja tangu Mpika, ndani kabisa ya Rhodesia ya Kaskazini. Walikaa mgongo kwa mgongo, mkeka uliokunjwa katikati yao, Sadoki akitazama njia na mama akitazama vumbi walilotimua, shuka limemfunika kichwa kizima. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemeshani. Jina lake hulitamki hata ukiwekewa panga shingoni. Kwa watu hawa kukutana na mkwe njiani tu ni balaa, mmoja huingia kichakani. Sasa fikiria pikipiki moja! Lakini Sadoki angefanyaje?

Kule Mbozi mkewe, Fides, alikuwa amelala na mimba iliyopitiliza. Uchungu unakuja, unaondoka, mtoto hatoki. Bibi Tabita, mkunga, alimkanda, akamnywesha dawa zote alizozijua, mwishowe akamwita Sadoki nje.

"Mwanangu, hapa pana kinyongo cha mzazi. Ulimtorosha binti wa watu, mama yake akabaki na hasira zake. Kamlete aziseme kwa kinywa chake, amtemee binti yake maji ya baraka tumboni. La sivyo utawazika wawili."

Sadoki alikuwa mpima kahawa. Aliazima pikipiki ya chama cha wakulima akaondoka hata chai hajanywa. Njia ile, jamani! Mchanga, mawe, madaraja ya magogo. Alianguka akainuka, mnyororo ulikatika akaufunga kwa waya. Wakati wa kwenda, woga ulimpa nguvu. Wakati wa kurudi, hata woga wenyewe ulikuwa umechoka. Viganja vilikuwa vimevimba, macho yamejaa mchanga, na nyuma yake mama wa watu hanyamazi.

"Pikipiki, uliona wapi mtu akaiba binti kama anaiba kuku? Nikifika nitayasema yote. Sibakizi hata moja!"

Yaseme, mama, Sadoki alijibu moyoni. Yaseme mpaka koo likauke, ilimradi umkute hai.

Tunduma wakasimamishwa kwenye kizuizi cha mbung'o. Ilikuwa amri ya serikali ya Mwingereza: kila chombo kinachotoka ng'ambo kiingizwe kwenye banda lenye giza, askari wapitishe nyavu na fagio, mbung'o wasije wakavuka na malale yao. Abiria hushuka, wanawake hungoja kwao na wanaume kwao. Sadoki alisikia uzito ukitoka nyuma yake, akageukia ukutani kwa adabu mpaka nyayo zikaenda zake. Kisha akakaa juu ya jiwe, na usingizi ukamzoa palepale.

Aliamshwa na askari mmoja aitwaye Watson. "Wewe! Chombo chako tayari zamani. Kiondoe, unazuia malori."

Sadoki akaruka. Jua lilikuwa limesogea mbali. "Kaka, tafadhali, niitie mama mkwe wangu. Yuko kule kwa wanawake."

"Anaitwa nani?"

"Kaka! Nimtaje?"

Watson akacheka, maana mwiko huo naye aliujua. Akaenda kwenye mlango wa pili, walikojaa akina mama waliojifunika shuka, akapaza sauti: "Mama mkwe! Mkweo anakungoja, njoo upande mwende!"

Sadoki alishika usukani, akakaza macho mbele. Pikipiki ikadidimia kidogo, mkeka ukasogezwa ukakaa sawa, kidole kikagonga bati la nyuma. Twende.

Kutoka pale mama hakulalamika tena. Walipita Mpemba, wakaanza kupanda vilima. Karibu na Vwawa alianza kuimba wimbo wa kanisani, polepole, na ngurumo ya injini ikaumeza nusu. Sadoki hakuelewa. Labda njia imempoza. Au moyo wa mzazi umeshajua kwamba mwanawe amekufa, ndiyo maana anaimba? Wazo hilo lilimtia baridi, akaongeza mwendo kwenye makorongo kama mwendawazimu.

Walifika jua lingali juu. Wanawake waliokuwa uani walipomwona mama walipiga vigelegele, wakamshika mikono miwili, wakamwingiza ndani kabla hajanyoosha magoti. Sadoki akateleza chini, akaegemea ukuta wa nyumba. Hakuwa na nguvu hata ya kuvua kofia.

Akamsikia Bibi Tabita ndani: "Mama, hatuna muda. Maji haya hapa. Toa kinyongo chako chote juu ya mtoto huyu, usibakize."

Sadoki aliuma kola ya shati. Sasa ndiyo yanamwagika, mwizi, kuku, yote aliyoyasikia tangu Mpika.

"Mimi?" sauti ya kizee ikasema, laini. "Mimi sina kinyongo na mtoto huyu, hata chembe. Leteni hayo maji, mnamwacha maskini anateseka!"

Sadoki alilia. Alilia kwa kwikwi, mwanamume mzima, watu wanamtazama, na wala hakuona haya. Amesamehewa! Alimsikia mama akiagiza kuni ziongezwe, akiwafukuza wambea mlangoni, akimwambia Fides amshike shingo asukume. Kisha yowe moja refu. Kisha kilio chembamba cha kitoto.

Bibi Tabita akatoka akifuta mikono.

"Wa kiume," alisema. "Mzima, na mama yake mzima. Mungu mkubwa." Akainama karibu na sikio lake. "Ila Fides anauliza, huyu mama aliyemzalisha ni mama wa nani, na wa kwake umemwacha wapi?"