Wakili Asiyemjua Mtu Mjini

Mkandarasi alitia saini ukurasa wa arobaini na moja bila kusoma ule wa kwanza. Karatasi alizitandaza juu ya boneti ya gari la kukodi, mafundi wake wakimwaga zege nyuma yake, naye akasaini kila palipowekewa alama. Mawakili wa ng'ambo hawakosei, alijiambia. Tuliokosea ni sisi tuliokuwa tukiwapa kazi hawa wa hapa. Kabla ya saa sita alikuwa ameshazifikisha mwenyewe masijala ya mahakama.

Alikuwa anadai talaka, na hawa wa hapa walikuwa na ila moja tu: wote walimjua mkewe. Kwa miaka kumi na miwili bibie alisimama mahakamani. Nusu ya mawakili wa mji aliwafundisha kazi, nusu nyingine aliwashinda kesi. Wakili wa kwanza alimsikiliza Mkandarasi mpaka lilipotajwa jina la mke, ghafla akakumbuka ana safari. Wa pili akakumbuka msiba. Wa tatu alikiri wazi kwamba bado anaipenda kazi yake. Bibie alikuwa ameacha kwenda mahakamani tangu alipozaliwa mtoto wa tatu, siku hizi anajifungia chumba cha nyuma na kompyuta, "anapitisha wakati," kama mumewe alivyopenda kuwaeleza wageni. Habari hiyo haikumpa ujasiri hata mmoja wao.

Kinyozi ndiye aliyemtoa tongotongo. Huku akimpitishia mashine kisogoni, alimweleza kwamba iko kampuni ng'ambo inayofanya kazi za sheria kwa mtandao, kwa bei ya kutupa. Unatuma maelezo yako, hati inarudi imekamilika. Dunia imekuwa kijiji, alisema kinyozi, kazi inapelekwa kwa yeyote anayeiweza, popote alipo.

"Na hakuna anayemjua mke wangu?"

"Ndugu yangu, huko hata rais wetu hawamjui."

Mkandarasi alitoka pale na kichwa king'aacho na moyo mweupe.

Siku tatu baadaye kampuni ilimwarifu kuwa faili lake limekabidhiwa kwa mwanasheria aliyebobea katika sheria za nchi yake. Mkandarasi alitikisa kichwa kwa heshima. Watu wako mbali kiasi hicho, na za kwetu wanazijua kuliko sisi wenyewe. Barua zilimfikia kila asubuhi akiwa kazini, kwa Kiswahili kisicho na doa, naye akazisifu mashine za kutafsiri za wenzetu.

Mwanasheria huyo alikuwa na adabu nyingi na maswali mengi zaidi. Nyumba mnayoishi ilijengwa kwa jasho la nani? Mkandarasi alisita siku nzima. Kesho yake akakumbushwa kwamba wakili ni kama daktari, hafichwi kidonda, na mficha uchi hazai. Mashine ile ilijua hata methali.

Basi akafunguka kama bomba lililopasuka. Nyumba ilijengwa kwa mshahara wa mke. Hati iliandikwa jina la mume kwa sababu siku ile mwenzake alikuwa wodini akijifungua, na yeye hakuona haja ya kumsumbua. Kiwanja cha barabarani kilitoka kwa marehemu baba mkwe. Halafu ipo nyumba nyingine ndogo, kwa jina la dada yake, na ndani yake yupo mtunza stoo mmoja mwenye sauti nyororo na mimba ya miezi mitano. Aliandika yote hayo, akamwomba wakili ayashughulikie kwa werevu.

"Yatawekwa mahali panapostahili," alijibiwa.

Nyumbani, wiki hizo, mkewe alikuwa mpole ajabu. Alimpakulia chakula, akamuuliza habari za kazi, akawa anamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mkandarasi alimwonea huruma. Maskini, hana habari.

Siku ya shauri, bibie aliingia chumba cha hakimu peke yake, bila wakili, mkoba begani. Mkandarasi nusura acheke. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani minene, alilisoma ombi kimya kimya, akarudia ukurasa wa pili, akavua miwani.

"Baba, ombi hili ni lako?"

"Langu, mheshimiwa. Limeandikwa ng'ambo."

"Umelisoma?"

"Nimelisaini, mheshimiwa."

Hakimu akaona amsomee. Mwombaji alikiri kwamba nyumba ni ya mkewe, na akaisihi mahakama imrudishie mwenyewe. Alikiri habari ya kiwanja. Aliitaja nyumba ya jina la dada, mtaa wake na rangi ya geti lake, akamtaja mtunza stoo pamoja na miezi yake, ambayo sasa ilitimia saba. Hapakuwa na neno moja la uongo kurasa zote arobaini na moja. Kilichobaki upande wa mwombaji ni nguo zake na pikipiki isiyowaka.

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Alisema ni kosa la mashine ya kutafsiri, wala si lake, akaomba azungumze na wakili wake papo hapo ili mambo yanyooke. Hakimu alimkubalia, ila simu aiweke kwa sauti, kila mtu asikie. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na namba ndefu inayoanza na tarakimu za nchi ya mbali. Mkandarasi alizibonyeza moja moja.

Iliita mara mbili. Ng'ambo ya meza, mkewe alifungua mkoba, akatoa simu, akainamisha kichwa kumwomba radhi hakimu, kisha akaipeleka sikioni.

"Kitengo cha ndoa na talaka," alisema, na sauti yake ikatokea pia kwenye kiganja cha mumewe. "Nikusaidie nini, mteja wangu?"