Kiti cha Sura ya Tisa

Insha thelathini na nane zilisema jambo moja: kile kiti kitupu cha sura ya tisa ya riwaya ni ishara ya uongozi mbovu. Mwalimu Tungaraza alizipa zote alama bila kuzimaliza, macho yamechoka. Jibu lile lilitoka kwenye mwongozo alioutunga mwenyewe enzi za ujana wake, na wanafunzi wamekuwa wakilikariri tangu hapo.

Ya thelathini na tisa, ya mwisho, ilikuwa ya Nyamizi. Akamwita mezani.

"Umeandika kiti ni cha baba aliyekufa. Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwetu kipo, mwalimu. Hata wageni wakizidi, tunakaa chini."

Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja. "Wasahihishaji wa mtihani hawatakupa alama."

"Najua, mwalimu. Nilijisahau."

Msichana akavuta daftari lake, akatoa rula, akaanza kuikata sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, kama walivyofundishwa. Alipokaribia neno "baba," mwalimu akaikandamiza rula kwa mkono, isisogee mbele. Kalamu ikabaki imesimama kando ya neno hilo, wino ukitanda taratibu kulielekea.