Mikebe Miwili

Mezani kuna mikebe miwili ya baruti, yote wazi. Baba alitufundisha: ukijaza baruti kwenye maganda ya risasi, mkebe mmoja tu mezani.

Baruti ya bunduki huwaka taratibu. Ya bastola huwaka ghafla. Ukiijaza kwenye risasi ya bunduki, bunduki itakupasukia usoni.

Asubuhi nilitumia ipi? Nakumbuka mizani. Nakumbuka ncha nyekundu za risasi nilizomchagulia koyoti, yule mbweha anayetumalizia wanakondoo. Mkebe siukumbuki. Nanusa vidole, vinanuka kahawa.

“Leo simkosi,” alisema dadangu Loretta akizitia risasi hizo mfukoni. “Na nikimkosa, lawama zako, fundi.”

Nakimbilia mlangoni. Amelala kifudifudi kwenye theluji nyuma ya zizi, shavu kwenye kitako cha bunduki.

“Loretta! Usipige!”

Upepo wa Wyoming unameza maneno, unabakiza ukelele. Ng'ambo ya uzio, koyoti aliyekuwa mbioni anasimama, ametega masikio. Ndivyo wawindaji wa huku tunavyowasimamisha: mmoja anapiga ukelele, mwenzake anapiga risasi.

Dada hageuki. Ananinyooshea dole gumba kunishukuru, kisha anaurudisha mkono kwenye kifyatulio.