Adhana ya Dirishani

Shebe alisimama barazani kwa mkwewe na karatasi mbili mkononi. Asubuhi zahanati ilimpima ikasema ana virusi vya korona. Adhuhuri hospitali ikampima ikasema hana. Ndani alikuwamo mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa alfajiri, na mpaka sasa hajaadhiniwa sikioni na baba yake.

"Ipi ya kweli?" mkwewe, Bi Zena, aliuliza akiwa mlangoni.

"Nimewauliza, mama. Kila mmoja anasema kipimo cha mwenzake kibovu."

"Basi aadhini mjomba wake."

"Mjomba wake hajapimwa kabisa."

Bi Zena akacheka bila kutaka. "Ndiyo maana yeye mzima."

Shebe alizitazama tena karatasi. Mihuri yote miwili ilikuwa imekolea. Akazitia mfukoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama hatua tano kutoka dirishani.

"Mlete hapa, mama. Sikio la kulia."

Bi Zena akamwinua mtoto karibu na nondo. Shebe akaanza kwa sauti ya chini, kisha akaipandisha, maana sikio lilikuwa mbali. Ng'ambo ya uchochoro, jirani akalitazama jua, akashangaa, akaenda kutia udhu.