Mama Mkwe Amepotea Tena

Mheshimiwa alikuwa bado anaogelea, akizunguka na kuzunguka bila kufika popote. Ndiyo maana mtafiti alimpa jina hilo.

Alikuwa panya wa maabara, aliyezaliwa na ugonjwa wa kusahau unaofanana na ule wa wazee. Ndani ya beseni kubwa la maji meupe kama maziwa kulikuwa na kijukwaa kilichozama kidogo tu, kisionekane. Ukutani zilibandikwa picha. Panya mwenye akili timamu huzitazama picha, akakariri kijukwaa kiko upande gani, na siku ya pili hukifuata moja kwa moja kama mtoto aliyeitwa kula. Mgonjwa, kila siku kwake ni ya kwanza.

Mtafiti alimwopoa Mheshimiwa, akawa anamkausha kwa taulo, simu ikaita. Mume wake.

"Mama kapotea tena."

"Safari hii kapotelea wapi?"

"Kwa fundi saa tena. Binti yake fundi kanipigia sasa hivi." Mume alishusha pumzi. "Afadhali yule mzee ni mstaarabu. Kila nikienda kumchukua mama, hunipa mkono na kujitambulisha vizuri kabisa, kama vile hatujawahi kuonana. Lakini nimechoka, mke wangu. Kesho kutwa naweka kufuli getini, funguo nakaa nazo mimi."

Simu ilikatika. Mtafiti akamtumbukiza panya mwingine, asiye mgonjwa. Panya akapasua maji, huyoo, mpaka kwenye kijukwaa.

Mtafiti akabaki ameduwaa, taulo mkononi. Kwa fundi saa. Kila siku kwa fundi saa!

Kesho yake alitoroka kazini mapema, akajibanza nyuma ya duka lililotazamana na nyumba yao. Mama mkwe, ambaye asubuhi ile alitia chumvi kwenye chai na kumwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake, alitoka getini amevaa viatu vyake vya heshima na wanja machoni. Hakutazama kushoto wala kulia. Alipokuta barabara imechimbuliwa, alikata kwenye uchochoro wa duka la dawa, akamtania fundi viatu, akamkwepa mbwa kabla mbwa hajabweka, akatokea upande wa pili bila kusita hata kidogo.

"Mama!"

Mama mkwe aligeuka. Papo hapo uso ukalegea, macho yakapotea. "Wewe nani, mwanangu?"

"Mama, mimi kazi yangu ni panya."

Wakatazamana. Kisha mama mkwe akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Haya. Nimenaswa."

"Mwanao halali usiku kwa ajili yako! Mama, kwa nini?"

"Mama akipotea, wanawe humwonea huruma. Mama akipata mwanaume, wanawe huitisha kikao. Nimeona bora huruma."

Mtafiti alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akajikaza. "Sasa mama, kufuli linakuja kesho. Huyo fundi kama ana nia, si aje nyumbani ajitambulishe kama watu wazima?"

"Kujitambulisha?" Mama mkwe alimtazama kwa namna ambayo mtafiti hakuielewa. "Hilo halimshindi. Twende."

Binti wa fundi aliwafungulia mlango, akamkumbatia mama mkwe kama mtu wa nyumbani, na alipomwona mgeni akainamisha macho. Fundi saa akatoka chumbani na shati lililonyooka, nywele zimechanwa kwa maji. Akampa mtafiti mkono kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mama mkwe, akaganda. Alimtazama kuanzia viatu hadi wanja, taratibu, na tabasamu likamchomoza kama la kijana.

"Samahani, mama," alisema. "Hivi sisi tumewahi kuonana?"

Mama mkwe akauweka mtandio wake sawa, akamwinamia mkwe wake sikioni.

"Nyamaza sasa, usije ukaniharibia. Hapa ndipo huanza kunitongoza."