Suti ya Kulia Dengu

Jioni ya kumi na moja mfululizo, Manubhai alifunga tai ili ale dengu.

Suti ilikuwa ile ya harusi ya mtoto wao, nyeusi, inanuka naftalini, na kifungo chake cha tumboni kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi wa kushonea magunia. Alisimama nyuma ya kiti chake akasubiri. Mkewe Indira akaingia na sari ya hariri, akaketi. Ndipo naye akaketi. Hiyo ilikuwa kanuni ya tatu.

Kabla ya hapo Manubhai alikuwa mtu huru. Kwa miaka thelathini na minane alifunga duka lake la vitambaa mjini, akarudi nyumbani Njiro, akavua shati, akala chakula cha jioni na singlendi, simu imeegemea jagi la maji ikimwonyesha kriketi. Hakuna aliyelalamika. Au kama yupo aliyelalamika, kriketi ilikuwa na kelele.

Kisha Indira akatangaza kwamba wanakwenda likizo ya meli. Meli kubwa, siku tisa, mwezi Desemba. Ameshapanga kila kitu na ofisi ya safari ya Anna kule Sakina, yeye asihangaike. Ila kuna jambo moja: melini, chakula cha jioni huliwa na suti.

"Likizo ni likizo," alisema Manubhai. "Mtu aende baharini na tai shingoni? Ili akizama azame nadhifu?"

"Basi baki. Nitakwenda na Bijal."

Bijal alikuwa dada yake Indira, na hakuna safari aliyowahi kuikataa. Manubhai akaziwaza siku tisa yeye na jokofu, peke yao.

"Nitavaa," akasema. "Lakini nitavaa hukohuko."

"Hukohuko utaniaibisha. Mazoezi ni hapa."

Mazoezi yakaanza jioni ileile. Kanuni, ambazo Indira alisema ni za nahodha, ziliandikwa kwenye daftari, na kila siku ziliongezeka. Simu haikai mezani. Mwanaume ndiye anayepakua. Mwanaume anamuuliza mkewe siku yake imekwendaje, kisha anasikiliza jibu mpaka mwisho.

"Nahodha anahusika vipi na siku yako?"

"Ndivyo anavyotaka."

"Nisipouliza atajuaje?"

"Manu, yule ni nahodha. Pakua wali."

Jioni ya tano, Manubhai alitoka kufunga geti akamkuta jirani yake Sifaeli, mzee wa kanisa, mstaafu wa serikali, naye anafunga la kwake. Sifaeli alikuwa amevaa suti ya kijivu. Ilikuwa Jumanne.

"Jirani," aliuliza Sifaeli, "kuna msiba?"

"Hapana. Kwako?"

"Hapana."

Wakaangaliana tai. Kisha kila mmoja akafunga geti lake kwa heshima zote.

Indira alisema Sifaeli bila shaka yuko kwenye kamati ya harusi. Aliambiwa na Vaileth, mke wa Sifaeli, anayetembea naye kila asubuhi pamoja na wanawake wenzao kunyoosha miguu. Manubhai akaridhika. Arusha hii, kamati za harusi haziishi.

Tatizo lilizuka jioni ya nane. Aliuliza siku imekwendaje, kama kanuni inavyotaka, na kwa bahati mbaya jibu likamvutia. Indira alikuwa amegonga toroli la ndizi.

"Umegonga na nini?"

"Na gari la mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa udereva. Najifunza tangu Februari."

Ilikuwa Septemba. Manubhai aliweka kijiko chini. Akaomba asimuliwe kuanzia Februari. Walipofika Juni, mahali ambapo mwalimu alishuka garini na kwenda kumalizia somo akiwa ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka kifungo cha tumboni kikang'oka na kutua kwenye achari. Indira naye akacheka. Kicheko hicho Manubhai alikifahamu, ila hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho.

Jioni ya tisa dengu ilipoa wakizungumza. Jioni ya kumi alifunga duka saa nzima kabla ya wakati.

Na sasa, jioni ya kumi na moja, alikuwa amekaa mbele ya sahani bila hamu. Mchana, mteja wake Azim, aliyewahi kupanda meli za namna hiyo, alimweleza mambo ya huko. Chakula kizuri. Muziki upo. Ila hukai na mkeo peke yenu. Mnapangwa meza ya watu wanane, wageni watupu.

Usingizi ulikuja kwa shida. Aliwaona Wajerumani sita wakimuuliza Indira siku yake imekwendaje, na yeye akipewa zamu Alhamisi.

Kesho yake asubuhi alivaa suti, akaenda Sakina.

Ofisi ya Anna ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi magari na muuza matairi. Kuta zilijaa picha za twiga na nyati. Manubhai alishangaa kidogo, lakini akajiambia kwamba hata abiria wa meli lazima waanzie nchi kavu.

"Shikamoo baba," alisema Anna.

"Marahaba. Mimi ni mume wa Indira. Nimekuja kuhusu meli."

Anna akaweka kalamu chini. Akaitazama suti, akaitazama tai, akashusha pumzi.

"Karibu ukae, baba."

"Sikai. Nina ombi moja tu. Nataka meza ya watu wawili, jioni zote tisa. Hata ikiwa mlangoni mwa jiko, sijali."

Anna akainuka, akamvutia kiti.

"Baba, sisi hatuna meli," alisema. "Meli wameitunga wake zenu; sisi tunapeleka watu Momela kuona flamingo. Wewe ni mzee wa nne kuja hapa na tai mwezi huu, na ni wa kwanza ambaye hakuja kughairi."