Nusu ya Vumbi

Kiwanda cha saruji kilibakiza sahihi moja tu ya majirani ili kijenge tanuru la pili, nayo ilikuwa ya Bi Mwantumu. Afisa uhusiano wa kiwanda, Bwana Kihwelo, akamfuata nyumbani kwake.

"Tumefunga machujio mapya, mama. Vumbi limepungua nusu."

Bi Mwantumu alimwamini. Mwenyewe alishaona kifua chake kimepata nafuu tangu mwezi uliopita. Akachukua kalamu.

Kihwelo alipoiona kalamu mkononi mwake, furaha ikamzidi. "Kusema kweli, vumbi halipo kabisa! Hewa ya hapa sasa ni dawa. Madaktari wanawaleta wagonjwa wa pumu waje kupumzika huku."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Madaktari gani, mwanangu?"

"Wengi tu, mama."

"Mimi niliiamini ile nusu."

"Basi tuseme nusu," Kihwelo akasema harakaharaka.

Bi Mwantumu aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kisha akakiinua kwenye mwanga na kukitazama kwa muda mrefu, huku mgeni wake akisubiri.